Paka wa kuokota anayetafuna kila kitu na kung'ata watu: tafuta chanzo kwanza

Ulimwokota mtaroni akiwa mdogo wa kujaa kiganjani. Ukamlisha, ukamsafisha, viroboto wakaisha. Sasa ana miezi mitano na nyumba haina amani: waya wa chaja umekatwa, mkeka umefumuka pembeni, watoto wana mikwaruzo mpaka mashavuni, na kila anayepita koridoni anarukiwa kisigino. Hapo ndipo maneno yanapoanza. "Huyu paka shume bwana, umtaani wake hautoki." Baada ya siku mbili tatu anatiwa kwenye gunia na kwenda kutupwa sokoni.

Hapa Dar es Salaam haya yametokea Tandale, yametokea Sinza, yametokea hata kwenye nyumba zenye mageti na walinzi kule Mbezi Beach, na yananiuma kwa sababu wengi wa paka hao walikuwa wanarekebishika. Kutafuna na kung'ata ni dalili. Chini yake kuna meno yanayoota, njaa, minyoo, woga, maumivu, au kile ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote kwa paka wa kufugwa ndani: silika ya kuwinda iliyokosa kazi. Ukimpiga bila kujua ni kipi, chanzo kinabaki palepale na juu yake umemwongezea woga.

Kabla ya kununua chochote au kumkaripia, mwangalie kwa wiki moja na uandike kwenye simu mambo haya: anatafuna nini hasa, anakimeza au anakitema, anafanya hivyo saa ngapi, na nini kilitokea muda mfupi kabla. Kwa kung'ata, andika pia masikio na mkia wake vilikuwaje. Orodha hiyo fupi ndiyo itakayokupeleka kwenye sehemu inayokuhusu hapa chini.

Vipande havionekani: anameza

Paka anayeng'ofoa ndala na kuacha vipande sakafuni anakupa hasara. Paka ambaye ukitafuta vipande huvioni yuko hatarini, na huyo hasubiri wiki ya kuandika kwenye simu.

Kinachoogopesha zaidi ni uzi. Jiji hili lina mafundi cherehani karibu kila mtaa, na nyumba nyingi zina sindano na uzi kwenye kopo la biskuti, nyuzi za viroba vya mchele, kamba za nailoni, nywele za bandia zilizobaki baada ya kusuka. Ulimi wa paka una vimiiba vilivyoelekea nyuma, upande wa koo. Uzi ukishashika pale hawezi kuutema hata akitaka, anaumeza tu. Mara nyingi ncha moja hunasa chini ya ulimi au kwenye mlango wa kutokea tumboni, na sehemu iliyobaki inaendelea kuvutwa na utumbo. Utumbo unajikusanya juu ya uzi kama marinda ya gauni, halafu uzi unaanza kuukata kwa ndani. Dalili ni kutapika mara kwa mara, kukataa chakula, kujikunyata pembeni, kutopata choo, na kuguna ukimgusa tumbo.

Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au kwenye njia ya haja kubwa, usiuvute. Najua mkono unawasha, lakini kuuvuta kunaweza kupasua utumbo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Huenda akahitaji upasuaji, na kila saa inayopita inaongeza hatari.

Plastiki nayo ina mvuto wake. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, ila vifungashio vya karanga, maandazi na nyama bado vimejaa jikoni, tena vinanukia mafuta na chumvi. Paka anafuata harufu hiyo. Suluhisho lake ni pipa la taka lenye kifuniko kinachobana, basi.

Vipi kuhusu paka anayelamba ukuta, anayekula udongo wa chungu cha maua, au anayekula mchanga wa kwenye beseni lake la choo? Huyo mwangalie damu. Inua mdomo wa juu uone fizi. Za paka mwenye afya ni za rangi ya waridi. Zikiwa nyeupe au zimefifia sana, amepungukiwa damu. Paka wa kuokotwa wana sababu mbili za kawaida za kuishiwa damu: viroboto, ambao wakizidi wanaweza hata kumuua mtoto wa paka kwa kumnyonya, na minyoo ya safura ambayo hung'ang'ania utumbo na kunyonya humohumo. Zote zinatibika kwa bei isiyotisha, lakini dawa hupimwa kwa uzito wa mnyama. Usichukue dawa ya mbuzi ukakisia tone. Na usimpake kabisa dawa ya viroboto ya mbwa yenye pamethrini. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo kama wa mbwa unavyoweza. Paka hutetemeka, hupata degedege na kufa.

Kisha angalia sahani yake. Ugali uliorowekwa kwenye mchuzi, na maziwa asubuhi: hicho ndicho chakula cha paka wengi wa Dar, na paka hawezi kuishi vizuri kwa hicho. Paka ni mla nyama halisi. Anahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na akikikosa kwa muda mrefu macho hupofuka na moyo hulegea. Si lazima ununue chakula cha pakiti kutoka supamaketi. Dagaa wakavu waliolowekwa kupunguza chumvi kisha wakachemshwa, vichwa vya samaki kutoka Feri vilivyotolewa miba mikubwa, mioyo na filigisi za kuku: vyote hivyo ni vyakula vya maana. Supu ya kuchemshia nyama usiimwage, mpe anywe, kwa sababu taurini huyeyuka kwenye maji. Iwe haina chumvi, vitunguu wala kitunguu saumu, kwani vitunguu vya aina zote huharibu damu ya paka. Samaki mpe aliyeiva. Aina kadhaa za samaki zikiwa mbichi huharibu vitamini B1 mwilini. Maini yasiwe ya kila siku. Chakula cha namna hii ni afadhali sana kuliko ugali, ila kwa paka mdogo anayekua changanya na chakula kamili cha paka kila unapokiweza.

Mtoto wa paka chini ya miezi sita anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Anayepewa mlo mmoja jioni atatafuna kapeti mchana, na hapo kapeti halina kosa wala yeye hana.

Ana miezi mitatu hadi saba, anatafuna vigumu

Ndala, yeboyebo, rimoti, pembe ya kabati, waya. Paka ana meno 26 ya utoto. Yanaanza kung'oka karibu na mwezi wa nne, na kufikia miezi saba anakuwa na 30 ya ukubwani. Fizi zinawasha na kuuma kipindi chote hicho. Huenda ukaona kijino sakafuni au tone la damu kwenye kile alichotafuna, si ugonjwa.

Mpe cha kutafuna kabla hajajitafutia. Loweka kitambaa kizito cha pamba, kikamue, kiweke kwenye friza, mpe kikiwa cha baridi huku ukimwona, na ukiondoe akianza kutoa nyuzi. Vipande vya boksi gumu pia vinamfaa. Ndala zipandishwe juu, nyumba nzima, hata kama itabidi kugombana na vijana kwa mwezi mmoja.

Kwa waya sina mzaha. Umeme wetu ni wa volti 230. Upande wa simu wa chaja una umeme mdogo, lakini waya wa feni, friji, sabufa na tivii unaua. Nenda duka la vifaa vya umeme ununue paipu za plastiki za kupitishia nyaya, au pasua mpira wa maji wa zamani kwa urefu na uuvalishe waya. Chaja chomoa ukishamaliza. Kusugua ganda la ndimu juu ya waya husaidia kwa muda kwa sababu paka wengi hawapendi harufu hiyo, ila harufu hupotea, kwa hiyo isiwe kinga yako pekee. Pilipili usitumie. Ataipeleka machoni kwa mguu wake mwenyewe akijisafisha.

Akipigwa na umeme, zima swichi kuu kwanza ndipo umguse. Hata akiinuka na kutembea, mpeleke kwa daktari: mdomo unaweza kuwa umeungua kwa ndani, na mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Ukiona anahema kwa shida, usingoje kupambazuke.

Akipita miezi minane na bado anatafuna kwa nguvu ileile, meno si sababu tena. Soma sehemu ya anayerukia miguu, ndiko kwenye mambo ya mchezo.

Ananyonya na kutafuna blanketi, khanga, sweta

Anakanda kwa miguu ya mbele, macho yamefumba nusu, anakoroma, na pembe ya khanga imelowa mate. Huyu aliachishwa ziwa mapema. Ni jambo la kawaida kwa waliookotwa, kwa kuwa mama aligongwa na gari au alihama bila wao. Akinyonya tu bila kukata kitambaa, mwache. Mpe kipande chake, kizito, kisicho na nyuzi za kuchomoka, na vingine vifungie kabatini. Akiwa anakata na kumeza, rudi juu kwenye sehemu ya kumeza, na umweleze daktari.

Chandarua na mimea

Kwa ufupi tu. Vyandarua vingi vimetiwa dawa za jamii ya pairethroidi, na pamethrini niliyoitaja ni mojawapo. Usimwache atafune chandarua. Kikunje na ukifunge juu mchana, na chumba kifungwe. Kwenye mimea ya baraza, oleanda, difenbakia na saikasi, zote za kawaida kwenye bustani za Dar, ni sumu kwake. Yungiyungi (kwa Kiingereza lily) ni hatari kupita zote: hata unga wa maua aliojilamba kwenye manyoya unaweza kuua figo. Paka hupenda kula majani, kwa hiyo otesha punje za ngano kwenye kopo, na kopo hilo liwe lake.

Anarukia miguu, anakumbatia mkono na kung'ata

Hapa ndipo penye malalamiko mengi, na hapa ndipo watu wa nyumbani huwa sehemu ya chanzo bila kujua.

Kwanza hakikisha ni mchezo. Paka anayecheza huwa kimya. Anajificha nyuma ya kochi, anatikisa makalio, anaruka, anashika, anakimbia, anarudi. Masikio yako mbele au yamegeuka kidogo tu. Aliyekasirika au kuogopa huunguruma, hutoa sauti kama ya nyoka, hulaza masikio yakashikana na kichwa na kuvimbisha mkia. Kama wako ni huyu wa pili, ruka uende kwenye sehemu ya woga. Ukimtibu kwa michezo utazidi kumtisha.

Mtoto wa paka hujifunza kiasi cha kung'ata kutoka kwa ndugu zake. Anamng'ata mwenzake sana, mwenzake analia na kuacha kucheza, naye anaelewa. Mama naye humtuliza kwa kofi la mguu usiotoa kucha. Aliyeokotwa peke yake akiwa na wiki nne au tano hakupata somo hilo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, walichapisha matokeo yaliyotokana na taarifa za karibu paka 6,000: walioachishwa ziwa kabla ya wiki 8 walionekana kuwa wakali zaidi, na walioachwa na mama mpaka baada ya wiki 14 walikuwa na matatizo machache ya tabia. Kwa hiyo kama paka wako anang'ata mpaka damu, elewa kwamba hajui kuwa inauma. Wewe ndiye utakayemfundisha.

Somo linaanza na mikono. Mkono si kitu cha kuchezea, kwa mtu yeyote wa nyumba hii, siku yoyote. Kila nyumba ina mjomba au kaka anayependa kumpindua paka mgongo chini na kupigana naye kwa vidole, "amzoeze ujasiri". Akiwa na miezi miwili inachekesha. Akiwa na kilo nne, anayeumia ni mtoto wa miaka mitatu ambaye hakumchokoza. Zungumza na mjomba kwa heshima lakini usilegeze: "Mjomba, shikamoo. Mpe soksi huyu, mkono usimpe." Dada wa kazi, watoto, wageni wa Jumapili, wote wafuate sheria moja. Mmoja akiivunja, paka anajifunza kwamba mikono mingine inaruhusiwa, na hana namna ya kujua ni ipi.

Akishakushika, usivute. Kitu kinachokimbia ndicho kinachomwamsha kuwinda. Legeza mkono, nyamaza, ubaki kama gogo. Akiachia, simama uondoke, umnyime hata kumtazama kwa dakika moja au mbili. Usipige kelele ndefu, usimrushie maji, usimpige kwa ndala. Paka haunganishi kipigo na kosa kama unavyodhani. Anakiunganisha na wewe. Baada ya hapo ama atakukimbia, ama atakuwahi yeye kabla hujamwahi. Na tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili, ingawa ningependa tufanye hivi kwa kumjali mnyama na si kwa kuogopa sheria.

Kumnyima mkono bila kumpa mbadala hakufai kitu. Mpe uwindaji. Chukua kijiti kirefu, funga kamba, na mwishoni fungia manyoya ya kuku au kitambaa. Watu wengi hukosea hapa kwa kumpiga paka usoni na kamba hiyo. Panya hamfuati paka. Kiburute kikimbie mbali naye, kiingie chini ya meza, kitulie, kichungulie, kikimbie tena. Mwache avizie, kule kuvizia kunamchosha kuliko kuruka kwenyewe. Mwache akamate mara kwa mara, maana paka asiyekamata kamwe hubaki na hasira. Dakika kumi hadi kumi na tano, mara mbili au tatu kwa siku, na kila mchezo uishe kwa chakula. Amewinda, amekamata, amekula, sasa atajilamba na kulala. Ukimaliza, kijiti na kamba vifungie kabatini. Umeshasoma kuhusu uzi.

Kwa wale wanaokumbatia na kupiga mateke ya miguu ya nyuma, jaza soksi kuukuu ya mtu mzima vitambaa mpaka iwe ngumu, ifunge fundo. Akikurukia, mpenyezee soksi. Kwa mchana ambao hakuna mtu nyumbani, trei tupu la mayai ni dawa nzuri isiyo na gharama: tia dagaa mmoja mmoja kwenye vishimo na umwache ahangaike kuwatoa. Chupa ya maji iliyotobolewa matundu, ndani ina chakula kikavu, inafanya kazi ileile. Boksi la tivii lenye matundu mawili ni nyumba, ni ngome, ni mahali pa kuvizia. Na kwa kucha, tuna bahati ya kuwa nchi ya mkonge: zungushia kamba ya katani kwenye gogo au mguu wa meza nzito, ukibana kwa nguvu, urefu wa kumwezesha ajinyooshe mwili mzima. Liweke karibu na kochi analolichana, kisha ulisogeze taratibu siku zinavyokwenda.

Anayekurukia miguu usiku au kabla ya adhana ya alfajiri anafuata saa ya mwili wake. Paka ni mnyama wa magharibi na mapambazuko. Joto la Januari la Dar humfanya alale mchana kutwa chini ya feni, nguvu zote zinasubiri giza. Cheza naye sana saa tatu au nne usiku, mpe mlo mkubwa wa siku baada ya hapo, ndipo mlale. Akikuamsha alfajiri usiinuke kumpa chakula, hata mara moja. Ukiinuka umemfundisha kwamba kung'ata kidole cha mguu kunaleta dagaa. Tegemea atazidisha kwa siku kadhaa kabla hajaacha, na watu wengi hukata tamaa hapohapo, siku moja au mbili kabla ya ushindi.

Jambo moja ambalo wengi hulikataa ni hili: kama paka wako ana chini ya miezi sita na uwezo upo, okota wa pili wa umri uleule. Watafundishana kung'ata kwa kiasi kuliko utakavyomfundisha wewe. Usifanye hivyo kwa paka mzee aliyezoea kukaa peke yake. Na wote wahasiwe kwenye miezi minne hadi sita. Dume asiyehasiwa hupigana, hukojolea mapazia na kuzurura. Jike hubeba mimba ya miezi miwili tu, na ukichelewa utakuwa na mashume wapya wa kuokotwa na wengine.

Anapenda kushikwa, ghafla anang'ata

Alikuwa anakoroma mapajani, ukamsugua, akakutia meno. Si usaliti. Paka wengi huvumilia kuguswa kwa muda mfupi, na ngozi ikichoka hutoa taarifa: mkia unaanza kupigapiga, ngozi ya mgongo inatetema, masikio yanageuka nyuma, anaacha kukoroma. Ishara hizo tunazipita bila kuziona. Msugue mashavu na chini ya kidevu mara tatu au nne, kisha simamisha mkono. Akijisogeza, endelea. Asiposogea, imetosha. Tumbo liache, hata akilala chali.

Anang'ata kwa woga

Huyu mara nyingi aliokotwa akiwa mkubwa. Wiki za pili hadi ya saba za maisha ndizo mtoto wa paka anazozoea binadamu kwa urahisi. Aliyezipitisha chini ya kontena bila kuguswa anatuona sisi kama hatari. Chumba kimoja tulivu, boksi lililogeuzwa, chakula, maji, beseni la mchanga mbali na chakula. Keti sakafuni, usimkazie macho, soma au pigia watu simu kwa sauti ya chini, na acha kipande cha samaki kati yenu. Kila siku kiwe karibu zaidi. Watoto wakae mbali naye mpaka aanze kuwafuata yeye. Wengine huchukua wiki, wengine miezi, na wachache hubaki paka wa baraza maisha yao yote. Nao wanastahili sahani na chanjo.

Alikuwa mpole, amebadilika kwa siku moja

Hapa usifikirie tabia. Fikiria maumivu: fizi zilizovimba na mdomo unaonuka, masikio yenye uchafu mweusi wa utitiri, jipu la kung'atwa na shume mwingine chini ya manyoya, mkojo unaokataa kutoka. Dume anayejikamua kwenye beseni bila kutoa tone apelekwe mara moja, maana kuziba kwa mkojo huua ndani ya siku chache. Usimpe panadol. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumuua paka.

Kuna pia hasira anayoihamishia kwako. Ameona shume ukutani kupitia dirishani, damu imepanda, na wewe unapita. Anakuvaa wewe. Usimguse, vuta pazia, funga mlango wa chumba na umwache kwenye giza saa kadhaa.

Na kuna kichaa cha mbwa, ambacho paka hukipata pia. Ukali usio na sababu, udenda, kupepesuka, sauti iliyobadilika, mnyama aliyekuwa mwoga anakufuata bila hofu: usimshike. Funga mlango na umwite afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa halmashauri yako. Maabara ya wakala wa serikali wa veterinari iko Temeke. Paka uliyemwokota apewe chanjo akifikisha miezi mitatu, hata kama hatoki ndani.

Ukishang'atwa

Osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usiweke tangawizi, mafuta ya taa wala dawa ya mswaki. Kama paka hana chanjo, au ni mgeni, au ana dalili nilizotaja, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaulize kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama mnyama anaweza kufungiwa salama, afungiwe na aangaliwe kwa siku 10, lakini usisubiri siku hizo ziishe ndipo uende hospitali. Hata kwa paka mwenye chanjo, meno yake membamba huingiza bakteria ndani sana na tundu hujifunga haraka. Mkono ukivimba, ukawa mwekundu na kuuma ndani ya siku moja, hasa karibu na kifundo cha kidole, unahitaji antibayotiki kutoka kwa daktari wa binadamu.

Ukienda kwa daktari wa mifugo

Chukua ile orodha ya kwenye simu na video fupi ya tabia yenyewe, kwa sababu paka mezani kwa daktari huganda na haonyeshi lolote. Beba kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kopo safi kwa ajili ya kupima minyoo, na mabaki ya kile alichotafuna. Usimpakate kwenye bodaboda. Honi moja ya daladala pale Ubungo na utampoteza. Tenga la kuku lililofunikwa khanga linatosha, ukipanda bajaji. Liache tenga hilo wazi sebuleni siku chache kabla, na kipande cha samaki ndani, ili siku ya safari aingie mwenyewe.